Mkono wa Shangazi

Shinyanga, 23 Mei 1937

Dada yangu mpenzi Chausiku,

Shikamoo. Nyumba nzima inakusalimu: Mwaisha mke wangu, ambaye goti lake limepoa tangu aache kufuata dawa za majirani, na watoto wote, na hata yule jogoo uliyemletea Mwanaidi kwa mkono wa Marselino dereva wa lori. Jogoo yungali hai na anatuamsha kabla ya mwadhini. Mvua zimekwisha vizuri. Wakulima wameanza kuleta pamba mjini, na cherehani yangu haipumziki, maana mtu akishauza pamba yake kitu cha kwanza anachotaka ni kanzu mpya, hata kama ya zamani haijapata kiraka.

Juma lililopita tulikuwa na sherehe za kutawazwa mfalme mpya wa Waingereza. Mzee Zamoyoni, yule Myao wa stesheni aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vyake na Mdachi, alivaa nishani yake akawaongoza wachezaji wa beni kutoka stesheni mpaka boma, ngoma mbele, watoto nyuma, na bunduki za mbao begani. Tulicheka na kushangilia mpaka jua likatushinda.

Sasa nikueleze kwa nini nimemtaja mzee huyo. Mwanawe Shaaban, mpima pamba kwenye kiwanda cha Wahindi, ameleta posa kwa Mwanaidi. Kijana ana adabu, anaswali, na anamtazama binti yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa mwenyewe asije akatokea. Nimekubali. Ndoa itakuwa baada ya Idi, tukijaliwa.

Desturi ya kwetu unaijua kuliko mimi. Baba huoza, lakini anayemtoa mwari ni shangazi. Asiyepakwa mafuta utosini na shangazi yake na kushikwa mkono mpaka mlangoni kwa mumewe, huyo watasema amejipeleka mwenyewe. Na Mwanaidi hana shangazi mwingine chini ya jua ila wewe. Kwa hiyo jiandae. Njoo siku chache kabla, kwa sababu kuna maneno madogo ya kupatana kati yangu na wewe, juu ya yale ambayo wakwe huenda wakakuuliza.

Ndimi mdogo wako, asiyechoka kuandika,
Bashiri


Geita, 2 Julai 1937

Mdogo wangu Bashiri,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Barua yako ilikaa Mwanza, ikaja ikakaa kwa Mhindi wa dukani, kisha ikakaa kwangu. Mahali ilipokaa sana ni hapo pa mwisho, sikufichi.

Huku tuko salama. Mgodi unazidi kupanuka na kila siku wanaingia watu wapya, Wasumbwa, Wazinza, Wasukuma, na Wakatoliki wa Ushirombo wenye rozari shingoni. Jirani yangu Mektilda, anayenisaidia hotelini, amejifungua mapacha. Padri amewabatiza Otmar na Epifania, na bibi yao, asiyeweza kuyatamka majina hayo, anawaita Huyu na Yule. Hoteli yangu nimeiezeka upya. Wanapopasua mwamba kwa baruti, wateja wageni huruka na bakuli zao, uji ukawaunguza mapaja. Mimi huendelea kukoroga. Wananiuliza, "Mama, wewe husikii?" Nawajibu kwamba nimesikia makubwa kuliko hayo. Na wakisukumana nawapigia kelele, "Mguu sawa!" Wanasimama mstari, hata wasiojua mguu upi.

Habari ya Mwanaidi nimeifurahia mno. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Mektilda akachungulia kuona kama nimepatwa na jambo. Mwambie shangazi yake ana doti mbili za kanga na sinia ya shaba, vyote vyake, nitampa Marselino avilete.

Kuja ndiko siwezi. Baada ya Idi mvua zitakuwa zimekolea, njia ya kwenda ziwani inakuwa matope matupu, na hoteli sina wa kumwachia, maana Mektilda ana watoto wawili mgongoni na kifuani. Dada yake Mwaisha ni mtu mzima mwenye heshima, ashike nafasi yangu. Mafuta ni mafuta, na mkono ni mkono.

Halafu hao wakwe wana maswali gani ambayo mpaka tupatane majibu? Nimeua ng'ombe wao?

Dada yako,
Chausiku


Shinyanga, 19 Julai 1937

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Leo salamu zangu ni fupi kwa kuwa nimekasirika, na hasira sijui kuipamba.

Mvua! Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka nchi ya Wareno leo anaogopa matope ya Geita? Hilo kamwambie asiyekujua.

Umeniuliza habari ya maswali, basi nakujibu. Mzee Zamoyoni alipoleta posa aliulizia ukoo, kama ilivyo haki yake. Alipofika kwako nikamwambia wakati wa vita ulikuwa Ushirombo, kwa mapadri, ukiwapikia. Ningesemaje? Yeye ni Keya. Wenzake wamelala huko kusini kwa risasi za Mdachi. Nimwambie kwamba shangazi wa mwari alikuwa na kikosi cha Mdachi miaka yote ile, nyuma ya mumewe Maganga, na Maganga alipokufa akabaki huko huko na kofia ya askari kichwani? Na watu nao wanavyosema juu ya wanawake waliofuata kambi, unayajua. Niliona nifunike kombe mwanaharamu apite. Ukija, ninachokuomba ni kukubali tu kwamba ulikuwa Ushirombo.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Nilipomsomea Mwanaidi barua yako, aliinuka akatoka nje. Aliporudi akaniambia, "Baba, kama shangazi hataki, wasinipake mafuta watu wa kuazima. Waambie akina Shaaban wangoje." Na Mwaisha, ambaye miaka yote hii amenyamaza kwa heshima yako, jana alisema akichambua mchele, bila kunitazama, "Si ndiye aliyekataa kumpokea?"

Nami nilikuwepo, dada. Ulirudi kutoka vitani tukiwa Didia kwa wajomba. Mwaisha ametoka arobaini, akaja uwanjani na mtoto kwenye kanga, akakunyooshea, "Wifi, mpokee mwanao." Ukarudi nyuma. Uliirudisha mikono yako mgongoni mbele ya watu wote, na siku ya pili ukaondoka. Sikukuuliza wakati ule kwa kuwa nilidhani umechoka, umefiwa na mume, huna mtoto. Tangu hapo umekuwa Tabora, Kagongwa, Masumbwe, sasa Geita, na kila tunapokuita una kisingizio na zawadi nzuri. Leo nauliza. Binti yangu alikukosea nini?

Bashiri


Shinyanga, 12 Septemba 1937

Dada yangu,

Shikamoo. Ni miezi sasa hujajibu. Nilianza kuogopa, nikamngojea Marselino stesheni. Ameniambia u mzima, na kwamba alikukuta unamfokea mchimbaji mmoja aliyenawa mikono kwenye maji ya kunywa. Nikamshukuru Mungu.

Hatujambo. Mwaisha amepika maandazi akasema, "Chausiku angeyasema haya, magumu." Naona anakukumbuka kuliko anavyokubali. Doti za kanga zimefika. Mwanaidi amezikunja akaziweka sandukuni, hajazifungua.

Mzee Zamoyoni ameuliza mara mbili kwa nini hatumpi siku. Nimemwambia unaumwa. Uongo wa kwanza sasa umezaa, nami ndiye mkunga.

Barua ile niliiandika kwa ukali. Kama imekuumiza, nisamehe, lakini swali langu liko pale pale.

Bashiri


Geita, 30 Septemba 1937

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikuumia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na kila nilipopata, mteja aliita.

Mapacha wanakua. Mektilda ananiuliza mbona siwabebi kamwe, hata akiwa na mikono miwili kwenye unga. Namwambia mgongo. Sasa wewe nitakuambia lisilo mgongo.

Nilipokuwa na Maganga nilibeba sanduku la risasi za bombomu, ile bunduki inayomwaga risasi mfululizo, kama wake wenzangu wote. Tulivuka Rufiji, tukavuka Ruvuma. Homa ikamuua Maganga ng'ambo, kwenye nchi ya Wareno. Kikosi kilikuwa kimebaki watu wachache na shaushi wetu, mkubwa wa kikosi, alikuwa ameniona nikisafisha bunduki ya mume wangu kila jioni akiwa mgonjwa. Akanivika kofia ya Maganga, akanipa bunduki ile ile, akasema, "Simama hapa, linda." Nikasimama. Nililinda mpaka siku tuliyoambiwa vita vimekwisha, na nilipoitua bunduki chini kule Abercorn, Mdachi aliposalimu amri, niliitua kwenye mstari wa askari. Sikuwa nyuma ya mtu. Jambo hilo silionei haya, Bashiri, na sitasema nilikuwa Ushirombo, hata mapadri wenyewe wakija kuniombea.

Ila siku moja nililinda kisima. Wanawake walikuwa wanateka maji. Mtu akatokeza majanini na bunduki, Keya, kofia yake ile ndefu. Nikapiga. Alianguka karibu sana. Nikamwendea, na nilipomfikia akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili hiki hiki cha kwetu, "Mama, maji." Nikamwinua kichwa nikampa kwa mkono wangu. Akanywa, akafa. Jina lake silijui.

Tuliporudi Didia, wewe ulikuwa mjini asubuhi ile, hukuona. Mzee Makoye mganga alikuwa ametutengenezea dawa pale mtoni, nje ya kijiji, ili walioua wasiingie na damu majumbani. Unakumbuka sheria yake: kabla hujaoshwa mikono, usishike mtoto, usishike mbegu, usiguse mwari. Wanaume wakapanga mstari. Nami nikapanga. Zamu yangu ilipofika mzee akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Mayu, mama yangu, wapishe wenzio. Sufuria haina damu." Wote wakacheka, hata wale tuliotoka nao mbali. Ningesema nini? Ningepaza sauti mbele ya mama yetu kwamba na mimi nimeua? Nikatoka mstarini. Na kabla jua halijatua, Mwaisha akaja na kanga yake.

Nilitaka kumpokea, Bashiri. Nilimwogopea.

Hivyo ndivyo ilivyo. Usiniambie ni ushirikina. Nimetubu kwa Mungu zamani na sina shaka naye. Shaka ni ya mkono huu, na siwezi kuuweka kwenye utosi wa yule mtoto ili niufurahishe moyo wangu. Amwache dada yake Mwaisha ampake, aolewe kwa salama. Mwambie si kwa kutompenda.

Chausiku


Shinyanga, 10 Novemba 1937

Dada yangu Chausiku,

Shikamoo, shikamoo tena. Tumeanza mfungo wa Ramadhani na joto ni kali. Wote wazima. Nilikawia kwa kuwa nilikuwa nazunguka, na nitakueleza nilikozungukia.

Barua yako nilimsomea Mwaisha, nisamehe, lakini aliyekuwa na haki ya kuisikia ni yeye. Alikwenda sandukuni akaitoa ile kanga aliyokuwa amembebea Mwanaidi siku ile, imechakaa, akakaa nayo mapajani mpaka futari.

Kwanza nilikwenda kwa sheikh. Akasema toba yako inatosha. Nikamwambia dada yangu analijua hilo. Akatabasamu, akasema, "Basi tafuta kitakachoutuliza mkono, mradi usimshirikishe Mungu." Nikaenda Didia. Mzee Makoye alishakufa, na mwanawe aliyerithi mkoba wake akaniambia dawa ya vita ni ya wanaume, ya mwanamke hajaiona wala kuisikia. Nilirudi nimenuna.

Sikuwa na njia nyingine. Jioni moja baada ya futari nikaenda kwa Mzee Zamoyoni, nikamwambia yote. Ushirombo, ugonjwa wako, uongo wangu wote nikauanika kama nguo. Kisha nikamsimulia habari ya kisimani. Hapo nilitazama chini, maana niliona posa inavunjika.

Kisha akauliza, "Alimpa maji?"

Nikasema, "Alimpa."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, mzee."

Akasema, "Mimi niliowapiga sikuwapa maji. Nilikimbia mbele, tuliamriwa kukimbia mbele." Kisha akanigeukia kwa ukali. "Na wewe fundi, miaka hii yote umemficha askari chini ya sufuria za mapadri! Unadhani mimi nilipigana na nani kule? Na nyani?"

Nikamwambia nilihofu uadui. Ndipo akaanza kucheka, mpaka mkewe akaja na taa kutazama.

"Uadui! Bashiri, wewe umezaliwa nchi hii hujui utani unatoka wapi? Wanyamwezi na Wangoni hawakuchinjana? Leo Mngoni akifa, nani anakwenda kumtukana maiti na kuchukua kuku? Waliopigana ndio watani. Mimi Keya, dada yako wa Mdachi, basi mimi na yeye ni watani tangu bunduki zilipotuliwa, ila hatujajulishana. Na kazi ya mtani ni nini? Akiwa na uchafu asioweza kujiosha, mtani ndiye anayemwosha. Mimi nilipofika kwetu Unyasa mwaka ule nilioshwa, najua linavyofanywa. Huyo mzee wa Didia hakuwa mtu wake hata kidogo. Dada yako alisimama kwenye mstari usio wake."

Na akanipa maneno haya nikuandikie kama alivyoyasema: "Mwambie yule kibarua wa Mdachi, aliyekimbizwa na Mwingereza mpaka ndara zikabaki Rufiji, aje upesi. Nimepata mchanga mzuri wa kusugulia masufuria."

Dada, mimi fundi wa nguo, sijui dawa. Lakini nilipotoka pale nilijisikia mwepesi, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu kama wewe jikoni.

Utakuja?

Bashiri


Geita, 24 Novemba 1937

Bashiri,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa.

Mwambie huyo Mzee Zamoyoni kwamba mimi ndara sikuwa nazo, kwa hiyo hakuna zilizobaki. Na kwamba Keya walitufukuza muda wote ule, wao na magari yao na makopo yao ya nyama, wasitukamate. Siku ya mwisho tulisimama wenyewe tukawangoja, kwa kuwahurumia. Kama ana mchanga, ajisugue nishani kwanza, nasikia imeota kutu.

Hoteli nimemwachia Mektilda na mama yake. Nikimaliza kula Idi nao nitapanda lori la Marselino, tope likiwepo nitashuka nisukume.

Sharti langu ni moja. Nikifika, yeyote atakayeuliza wakati wa vita nilikuwa wapi, usinijibie.

Dada yako,
Chausiku

Nimeogopa, Bashiri. Hilo usimwambie mtani.


Shinyanga, 9 Januari 1938

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na umeikuta hoteli imesimama. Hapa nyumba imepwaya. Mwanaidi yuko kwake, mitaa miwili tu, lakini Mwaisha anaweka sahani yake kila siku kisha anaiondoa. Wakwe wanatuletea salamu asubuhi na jioni. Pia mvua imetunyeshea vizuri.

Mji bado unasimulia mambo yako. Asubuhi ile ya kuoshwa kwako bondeni nilisimama pembeni na Mwaisha kama tulivyoambiwa, nami nilidhani nitaona jambo la kutisha. Kumbe ni mzee mmoja na mkewe, na chungu cha maji yenye majani, na matusi! Sijasikia matusi kama yale tangu nizaliwe, naye akimimina maji mikononi mwako huku anakutukania Mdachi wako, wewe unamrudishia kwa Mwingereza wake, mpaka mkewe akaziba masikio. Kisha akakurushia unga usoni, akakumegea ugali akakulisha kwa mkono wake. Hapo matusi yakaisha. Nilimwona akikuuliza kitu kwa sauti ya chini, nawe ukatikisa kichwa, naye akajifuta macho kwa kilemba. Sitauliza ni nini. Ya askari ni ya askari.

Na jioni, alipotangaza mbele ya beni nzima, "Huyu si mpishi wa mtu! Huyu ni askari, na ndiye adui yangu!" na ile beni ikakupigia saluti na bunduki zao za mbao, nilitazama kama kuna atakayecheka. Waliocheka walicheka kwa furaha. Wale niliokuwa nawaogopa miaka yote walikuwa wanasukumana wakuone.

Lakini kuna moja nauliza. Ulipoingia chumbani kumpaka mwari mafuta, sisi wanaume tulikuwa barazani. Kisha tukasikia kishindo, kitu kimevunjika, halafu vigelegele na vilio na vicheko vyote kwa mara moja. Mwanaidi alipotoka umemshika mkono, wanja wake ulikuwa umeshuka mpaka mashavuni na alikuwa anacheka. Mwaisha ameapa hasemi. Mwanaidi anasema nikuulize wewe.

Ni nini kilichotokea mle ndani?

Mdogo wako,
Bashiri


Geita, 1 Februari 1938

Mdogo wangu Bashiri,

Marahaba. Nimeikuta hoteli imesimama, na Mektilda amewazoeza wachimbaji kusali kabla ya kula, kwa hiyo uji unapoa. Mapacha wameota meno. Huyu ananing'ata kuliko Yule. Nawabeba wote wawili sasa, mmoja mmoja nikichota maji, na mama yao ananiuliza mgongo umepona lini.

Msalimie mtani. Mwambie ule unga alionirushia ulikuwa na fukusi, kama ilivyo tabia ya Keya kula.

Ya chumbani nitakuambia, maana najua hutalala.

Mafuta nilimpaka kama desturi. Nilipomaliza, nilitakiwa nimwinue nimtoe. Sikuinuka. Nilibaki kwenye kile kigoda cha Mwaisha, nikamwambia, "Mwanaidi, mama yako alikuleta kwangu siku moja nami sikukupokea. Sikuwa na mikono. Leo ninayo." Akanitazama. Nikajipiga paja, nikamwambia, "Njoo."

Akasema, "Shangazi, mimi ni mzito."

Nikamwambia nimebeba masanduku ya bombomu.

Basi akaja. Mwari mzima, na hina yake na doti yangu ya kanga, akakaa mapajani mwangu, akaniegemeza kichwa hapa shingoni. Mwaisha akaanza kulia, na mimi nikaanza, na kigoda nacho hakikuvumilia, kikavunjika, tukaenda chini sote wawili. Kishindo mlichosikia ndicho hicho. Magoti bado yananiuma, na Mwaisha nitamletea kigoda kingine cha mninga, mwambie asinung'unike.

Hata pale chini sikumwachia, Bashiri. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele juu yetu wakitaka kutuinua, nami nikawaambia wangoje kidogo. Nilikuwa nimempakata mtoto wetu.

Dada yako,
Chausiku